Utamu wa riwaya uko kwenye sharti, si kwenye majini wala mabusu

Wakati wa likizo iliyopita mjukuu wangu, aliye katika Gredi ya 8, alisimama mbele ya rafu yangu ya vitabu kwa muda mrefu, kisha akachomoa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Akakigeuza huku na huku, akakipuliza vumbi, akaniuliza: "Babu, hiki ni kitamu?"

Nilimjibu kwa mazoea. Nilimwambia kwamba ni kitabu chenye dhamira nzito: wema hushinda uovu, wivu humla mwenye wivu, na kiongozi asiye na uadilifu hana lolote. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akasema: "Sawa, Babu. Lakini ni kitamu?"

Msomaji wangu, nimefundisha fasihi kwa zaidi ya miaka 30. Nimesimamia tasnifu nyingi, na nimekaa kwenye makongamano ambako tulibishana kutwa nzima kuhusu mipaka ya uhalisiajabu. Lakini swali la mtoto wa miaka 13 lilinikwamisha. Ningeweza kumweleza kitabu kinasema nini, kimesukwaje na wahakiki wamekiweka kwenye kapu gani. Nilichoshindwa ni kumweleza kwa nini mimi mwenyewe, nilipokisoma mara ya kwanza nikiwa kijana, sikukiweka chini mpaka taa ilipoishiwa mafuta.

Kosa hili si langu peke yangu. Ni letu sote tuliosomesha fasihi kana kwamba utamu ni jambo la kuonewa haya. Tazama hata istilahi zetu. Riwaya za mapenzi, za upelelezi na za maajabu tumeziita "riwaya pendwa". Zile nyingine, tunazozitungia maswali ya mtihani, tumeziita "riwaya dhati". Jina la kwanza linakiri kwamba vitabu hivi vinapendwa, halafu tunalitamka kama vile kupendwa ni dosari. Je, hizo dhati hazipendwi? Na kama hazipendwi, nani atazifungua tena siku mtihani ukishapita?

Ndiyo maana leo nataka kulijibu swali la mjukuu wangu hadharani. Riwaya ya maajabu na riwaya ya mapenzi hupata wapi utamu wake? Ukiwauliza watu, wengi watakuambia kwamba utamu wa ile ya kwanza umo kwenye majini, mazimwi na falme za mbali, na wa ile ya pili umo kwenye mabusu na machozi. Mimi sikubali. Nasema utamu wa zote mbili unatoka mahali pamoja, nako ni kwenye sharti.

Hebu nieleze ninachomaanisha. Waliokulia kwenye ngano wanakumbuka hadithi ya mgeni anayekabidhiwa funguo saba za jumba kubwa. Mwenye nyumba anasafiri, anamwambia: fungua vyumba sita upendavyo, lakini cha saba usikiguse. Chumba cha kwanza kina dhahabu, cha pili kina lulu, cha tatu kina farasi. Mtoto anayesikiliza hashughuliki navyo hata kidogo. Akili yake yote imeshafika kwenye mlango wa saba, na moyo unamdunda. Sasa jaribu kuliondoa lile katazo. Mwenye nyumba aseme, fungua chochote, nyumba ni yako. Hadithi imekufa pale pale, ijapokuwa dhahabu na lulu zote bado zipo.

Watu hudhani kwamba fantasia hupendeza kwa sababu ndani yake kila kitu kinawezekana. Ni kinyume chake. Pale ambapo kila kitu kinawezekana hakuna kinachotutia wasiwasi. Mhusika anayeweza kupaa, kutoweka, kufufuka na kujigeuza simba wakati wowote anapotaka, nimwogopee nini? Kandanda isiyo na mistari wala mwamuzi si mchezo huru zaidi. Ni watu 22 wanaokimbizana kiwanjani, na baada ya dakika tano mtazamaji ataondoka kwenda zake nyumbani.

Turudi kwa Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952. Tumekizoea kama kitabu cha maadili, na majina ya wahusika yametusaidia sana kukizoea hivyo. Adili ni mwadilifu, nduguze ni Hasidi na Mwivu. Mwanafunzi akishajua maana ya majina, anadhani kazi imekwisha. Lakini angalia namna Shaaban Robert anavyotuingiza ndani. Mfalme Rai wa Ughaibu anamtuma mjumbe wake, Ikibali, aende Janibu kwa liwali Adili. Ikibali anapokewa kwa heshima, anakula vizuri, analala pazuri. Usiku anagundua kwamba mwenyeji wake huamka na kutoka kimyakimya. Anamnyemelea. Kumbe liwali yule mpole, anayesifiwa kwa huruma yake, ameshika mjeledi na anawacharaza manyani wawili! Akisha kuwapiga anawalia, na anawalisha chakula kizuri.

Nani angefunga kitabu hapo? Wala si kwa sababu ya manyani. Manyani tunao hapa kwetu, wanatuibia mahindi. Kinachotushika ni machozi. Mkono unaopiga na jicho linalolia vinakaaje katika mtu mmoja?

Jibu la fumbo hilo ni sharti. Manyani wale ni Hasidi na Mwivu wenyewe. Walimtosa ndugu yao baharini kwa wivu, baada ya safari iliyowafikisha kwenye mji ambao watu wake waligeuka mawe, na ambako Adili alimpata Mwelekevu. Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa, ndiye aliyemwopoa Adili naye akawageuza nduguze manyani. Kisha akamwachia Adili amri: kila usiku lazima awapige. Akikosa, adhabu itamgeukia yeye.

Sasa fikiria uwezo wa Huria. Angetaka, angewaua wale ndugu wawili kwa pumzi moja na hadithi ikakoma. Mwandishi dhaifu angefanya hivyo. Shaaban Robert anaufungia uwezo wote ule ndani ya amri moja ndogo, ya kila siku, inayomuumiza mtu mwema kuliko inavyowaumiza waovu. Uchawi umepewa bei, na anayelipa ni mtu tunayempenda. Hapo ndipo msomaji anaponaswa. Hatusomi tena kujua kama maajabu yatatokea, kwa kuwa yameshatokea. Tunasoma kujua hadi lini mtu huyu atawapiga watu anaowapenda.

Wanaolijua chimbuko la hadithi hii wanajua kwamba kiini chake kimo katika Alfu Lela U Lela, kwenye kisa cha Abdullah bin Fadhil na nduguze. Kule ndugu wawili ni mbwa, na mwisho wake ni wa damu: wakisharudishwa kuwa watu wanajaribu kumuua ndugu yao aliyewaombea. Shaaban Robert alibadilisha mbwa wakawa manyani. La maana zaidi, alibadilisha mwisho. Kwake Hasidi na Mwivu wanajuta, Mfalme Rai anawaombea, wanarudi kuwa watu, na kisa kinaishia kwenye furaha. Wahakiki tumezoea kusema kwamba alifanya hivyo ili kutufunza msamaha. Sawa. Lakini msomaji aliyesikia mlio wa mjeledi usiku baada ya usiku ameshaanza kudai. Anadai siku moja usiku upite bila kilio. Mwandishi alijua anadaiwa, akalipa. Funzo la msamaha linatukaa kwa sababu deni lile lililipwa.

Usidhani kwamba huu ni ufundi wa mwandishi mmoja tu. Tazama Fumo Liyongo, shujaa wa pwani yetu, ambaye utendi wake ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 bado unasomwa. Liyongo ni jitu la nguvu. Jela haikumzuia, adui hawakumweza. Kama ingekuwa hivyo tu, tungemsifu mara moja tukamsahau. Tunamkumbuka kwa sababu ya sindano ya shaba ya kitovuni. Nguvu yote ile ina tundu moja, na anayekabidhiwa siri ya tundu hilo ni mwanawe mwenyewe. Kila mara ninapokifikia kisa kile natamani Liyongo anyamaze. Ninajua hatanyamaza, na bado natamani. Kisha anapiga goti kisimani, upinde umevutwa, amekwisha kufa, na watu wa mji hawathubutu kwenda kuchota maji. Maiti inaogopwa kuliko majeshi! Taswira hiyo ina nguvu kwa kuwa tumeshaonyeshwa gharama yake.

Nikivuka mipaka kidogo, Ursula K. Le Guin wa Marekani alifanya jambo la aina hiyo katika A Wizard of Earthsea, riwaya ya mwaka 1968. Katika visiwa vyake, mwenye kulijua jina la kweli la kitu ana uwezo juu yake. Ni sharti rahisi sana, hata mtoto atalishika. Lakini kila uchawi unaotendwa unagusa mizani ya ulimwengu, na kijana Ged, kwa majivuno tu, anaita kitu asichokijua jina. Kivuli kinazuka, kinamwinda baharini na nchi kavu. Mwandishi hakuhitaji vita vya majeshi elfu. Alihitaji kanuni moja na kijana mmoja aliyeivunja. Anayesoma anagundua polepole kwamba kivuli kile hakiwezi kuwa na jina lolote ila la Ged mwenyewe.

Sasa tuingie kwenye mapenzi. Hapa lawama ni kubwa zaidi. Wasomi wenzangu husema: riwaya ya mapenzi unaijua mwisho wake tangu ukurasa wa kwanza, sasa unaisomea nini? Watapendana, watakosana, watapatana. Basi!

Nawajibu kwa kuwauliza kama wamewahi kuhudhuria mazungumzo ya mahari. Mara nyingi siku hiyo pande zote mbili zinajua mambo yatakwishaje. Binti na kijana walishakubaliana zamani, labda hata wana mtoto. Chakula kimeshapikwa na hema limeshapigwa. Lakini mkifika mnakuta lango limefungwa. Mnaimba nje kwa jua kali. Wa ndani wanajifanya hawawajui. Mkifunguliwa, mnaulizwa mmepotea njia au mnatafuta nini. Wazee wanazungumza kwa mafumbo kuhusu ua lililoonekana bustanini. Wanaletwa wasichana waliofunikwa leso, kijana atambue wake ni yupi, na akikosea atatozwa faini. Kutwa nzima inakwenda hivyo, na hakuna anayesema, "Jamani, si tunajua mwisho? Tuleni twende." Anayesema hivyo hajaielewa shughuli. Raha imo kwenye lango lililofungwa na watu ambao tayari wamekubali kulifungua.

Riwaya nzuri ya mapenzi ni lango la namna hiyo. Msomaji amepewa ahadi kwamba litafunguliwa. Kwa kuwa ana ahadi, anaweza kustahimili wasiwasi wote wa njiani, tena kwa starehe. Swali lake si kama watapatana. Swali ni kila mmoja atalazimika kuacha nini ili wapatane.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1813. Mabinti wasio na urithi, wachumba wenye mashamba na mama anayehangaika kuozesha: mambo ambayo watu wa huku kwetu hawahitaji mkalimani kuyaelewa. Kitabu kina sura 61. Bwana Darcy, tajiri mwenye maringo, anamposa Elizabeth Bennet kwenye sura ya 34, karibu na katikati kabisa. Mwandishi wa pupa angeifanya posa hiyo kuwa mwisho. Austen anaitumia kuharibu kila kitu. Darcy anamwambia binti wa watu kwamba anampenda, lakini hapo hapo anamweleza jinsi ukoo wake ulivyo duni. Elizabeth anamkatalia, anamtupia makosa yake yote usoni: kwamba alimtenga dada yake na mchumba, kwamba alimdhulumu kijana aitwaye Wickham.

Kesho yake Darcy anampa barua. Elizabeth anaisoma mara ya kwanza kwa hasira, kisha anaisoma tena, na tena. Hapo anagundua kwamba Wickham alimdanganya, kwamba mengine yaliyosemwa juu ya jamaa zake ni kweli, na kwamba yeye, aliyejivunia macho yake makali, alikuwa kipofu. Unaona sharti liko wapi? Hakuna baba mkali aliyewafungia wapenzi hawa mlango. Hakuna ajali wala mchawi. Mlango wameufunga wenyewe, yeye kwa maringo na huyu kwa haraka ya kuhukumu, na hakuna mwingine mwenye ufunguo. Ikabidi Darcy ajifunze kutenda wema bila kuutangaza: anatoa fedha kimyakimya ili Wickham amwoe Lydia, mdogo wake Elizabeth, aliyekuwa ametoroka naye, na hataki ijulikane. Anapoposa mara ya pili, ni mtu mwingine. Tunafurahi kwa sababu bei imelipwa, na imelipwa na wote wawili.

Kwa upande wa pili iweke Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Hiyo nayo ina barua ya kijana kwa msichana. Lakini barua ile inaangukia mikononi mwa Zakaria, baba yake Rosa, na kinachofuata ni kipigo. Barua ya Darcy inamfanya Elizabeth ajisome. Barua ya Rosa inamfundisha kwamba kupendwa ni kosa la kuadhibiwa, na funzo hilo linamwandama hadi mauti. Rosa Mistika si riwaya ya mapenzi kwa maana ninayoizungumzia hapa. Kezilahabi anatuonyesha lango lilelile, kisha anatunyima ahadi. Ndiyo maana kinatuuma hivi. Mtu asiyewahi kuonja ahadi ya riwaya za mapenzi hawezi kuhisi barabara alichonyang'anywa Rosa. Riwaya dhati imekopa nguvu zake kwa riwaya pendwa, na sisi wahakiki hatujakiri deni.

Nisije nikaonekana natetea kila kitabu chenye picha ya wapenzi kwenye jalada. Vibaya vipo, tena tele, na ubaya wake unapimika kwa kipimo hikihiki. Katika riwaya mbovu ya maajabu, shujaa akibanwa sana mwandishi anamshushia pete au mzimu ambao hatukuwahi kuambiwa upo. Katika riwaya mbovu ya mapenzi, mke wa kwanza mwenye roho mbaya anagongwa na matatu kwenye sura ya mwisho ili wapenzi wawe huru. Yote mawili ni sadfa ya uvivu. Lango limefunguliwa na mtu wa nje, na waliokuwa wakiimba hawakulipa hata senti. Msomaji anahisi amepunjwa hata kama hajui istilahi yoyote ya uhakiki. Yule anayesoma vitabu 50 vya mapenzi kwa mwaka analihisi haraka kuliko profesa.

Ipo lawama nyingine nzito zaidi, nayo siwezi kuiruka. Inasemwa kwamba vitabu hivi ni njia ya kuyakimbia maisha, na kwamba vya mapenzi hasa huwafundisha wasichana kumngoja mwanamume aje awaokoe. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Janice Radway, alichapisha kitabu kuhusu wanawake wa mji mmoja wa huko waliokuwa wakisoma riwaya za mapenzi mfululizo. Radway mwenyewe ni mtetezi wa haki za wanawake, na alikuwa na wasiwasi huohuo kwamba hadithi hizi huwapatanisha wanawake na hali inayowakandamiza. Lakini aliwasikiliza. Walimweleza kwamba kabla ya kitabu kusema lolote, kitendo chenyewe cha kukaa na kusoma ni muda wao wenyewe. Mama anayehudumia mume, watoto na jikoni kutwa nzima, anapofungua kitabu anakuwa amesema: kwa saa hii mniache. Nami sisemi wasiwasi wa Radway hauna msingi. Nasema tu kwamba asiyewauliza wasomaji hana haki ya kuwahukumu.

Kuhusu kukimbia maisha, J.R.R. Tolkien alilijibu hilo katika mhadhara wake wa mwaka 1939 kuhusu hadithi za maajabu. Alitofautisha mfungwa anayetoroka gereza na askari anayetoroka vita. Wa pili ni msaliti; wa kwanza nani atamlaumu kwa kutaka kwenda nyumbani? Tena mimi naongeza: angalia mfungwa wetu huyu anatorokea wapi. Anatorokea nchi yenye masharti makali kuliko ya kwetu! Huku tunapoishi mwizi wa mali ya umma huweza kuzeeka kwa raha, na mwema akafa maskini bila maelezo. Katika nchi ya Huria kila tendo lina bei, na bei italipwa. Yule anayerudi kutoka huko hajalewa. Amekumbuka jinsi mambo yalivyopaswa kuwa.

Sasa niseme lililokuwa likinikaba tangu mjukuu wangu aniulize swali lile.

Miaka mingi iliyopita, kabla sijaingia chuo kikuu kufundisha, nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya bweni ya wasichana. Siku moja nikiwa nafafanua maudhui ya kitabu cha mtihani nilimwona msichana wa safu ya nyuma ameinamia dawati. Nilimwendea taratibu, nikamnyang'anya kijiriwaya cha mapenzi, chenye karatasi za manjano na jalada lililokwisha kushonwa kwa uzi. Nilikiinua juu darasa zima likione. Nikasema, "Hizi ndizo takataka mnazojaza vichwani." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka wala hakulia. Alitazama kile kitabu tu.

Jioni nilikifungua nipate kuona upuuzi wenyewe. Nilikimaliza saa nane za usiku. Hakikuwa kitabu kikubwa. Sadfa zake mbili tatu zilinichukiza hata wakati ule. Lakini kulikuwa na lango, na nilitaka lifunguliwe. Asubuhi yake ningeweza kumrudishia. Ningeweza hata kumwambia, "Mwanangu, na mimi nimekisoma." Sikuthubutu. Nilikuwa na cheo cha kulinda. Kuanzia siku ile hadi alipomaliza shule, msichana yule, aliyekuwa mmoja wa wale wanaojibu maswali, hakuinua mkono tena katika somo langu.

Kitabu chake bado ninacho. Kiko nyuma ya kamusi kubwa, mahali ambapo wageni hawakioni.

Nimesikia tukilalamika mwaka nenda mwaka rudi, kwenye makongamano na kwenye kurasa kama hizi, kwamba vijana wetu hawasomi Kiswahili. Tunalaumu simu, tunalaumu mitaala, tunalaumu wazazi. Ni wangapi kati yetu waliowahi kumkuta kijana anasoma kwa hiari yake, tena kwa Kiswahili, tukamwambia anasoma takataka? Mtoto hupenda fasihi kwa kuanza na kile kitamu. Ulimi ukishazoea, utatafuta wenyewe vilivyo vizito. Sisi tumemwanzishia dawa ya shubiri, kisha tunashangaa hataki kurudi mezani.

Basi nilimjibuje mjukuu wangu? Niliiacha dhamira kando. Nikamwambia: "Kuna liwali mmoja, mpole kuliko watu wote. Kila usiku huamka watu wakiwa wamelala, akawapiga manyani wawili huku analia."

"Kwa nini?" akauliza.

"Kuna sharti."

"Sharti gani?"

Nikampa kitabu.

Alirudi baada ya siku mbili akiwa na lawama. Alisema Adili amesamehe upesi mno, na kwamba yeye angewaacha Hasidi na Mwivu wabaki manyani mwaka mmoja zaidi. Nikamwambia kwamba katika kisa cha zamani walisamehewa wakaja kujaribu kumuua ndugu yao. Macho yakamtoka. Akanishikilia: kwa hiyo Shaaban Robert alikosea au alipatia? Tulibishana mpaka chai ikapoa, na nakiri kwamba hoja zake mbili sijazipatia majibu hadi leo. Huo ndio uhakiki ambao nimekuwa nikijaribu kuufundisha miaka yote hii.

Alipokuwa akiondoka aliniuliza kama ninacho kingine. Ninacho, nyuma ya kamusi kubwa. Nilimwambia angoje akue kidogo. Naye pia nimemwekea sharti.